Vipapatio vya kuku na chipsi za viazi vitamu kwenye oveni: nifanyeje vikauke na vikolee rangi?

Swali: Mkaazi wa Tudor

Assalaam alaykum, ndugu zangu na mama zangu. Nina jambo la jikoni ambalo limenishinda kwa Ijumaa tatu mfululizo, nami naomba msaada wa yeyote aliyelipitia akalimudu. Usiku wa Ijumaa, baada ya sala ya Isha, nyumba yetu nzima ya watu saba hula chajio kwenye mkeka mmoja: mimi, mume wangu, watoto wetu wanne, na mavyaa wangu ambaye anakaa nasi. Mavyaa wangu ameshauriwa na daktari wake apunguze vyakula vinavyozamishwa kwenye mafuta. Sipendi kumwona akila sahani yake ya peke yake huku wajukuu wakila viazi karai na kuku wa kukaanga mbele ya macho yake, kwa hiyo nimeazimia kwamba usiku huo karai lisiwekwe motoni kabisa, na chakula kiwe kimoja kwa wote. Watoto walichagua vipapatio vya kuku na chipsi za viazi vitamu, nami nikaridhika, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kuokwa.

Utaratibu wangu ni huu. Hununua kilo 2 za vipapatio, nikaviosha, nikavilaza usiku kucha ndani ya friji vikiwa na ndimu, mtindi, tangawizi na kitunguu thomu, kisha siku ya pili nikavipanga kwenye trei yenye kina pamoja na ule urojo wake wote. Viazi vitamu, kilo moja na nusu, huvikata vipande vya urefu wa kidole, nikavitia chumvi na mafuta, nikavimwaga kwenye trei ya pili, na trei zote mbili zikaingia ovenini kwa wakati mmoja, kwa nyuzi 180, kwa muda wa saa nzima. Nyama huiva, hilo sina shaka nalo. Lakini ngozi hutoka nyeupe na laini kama ya kuku wa kuchemshwa, na chini ya trei husimama maji. Viazi navyo huwa vyeusi nchani na vilegevu katikati, hata ukiinua kipande kinapinda. Watoto hula kwa adabu bila kusema neno, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Je, kosa liko kwenye viungo, kwenye moto, au kwenye oveni yenyewe?

Jibu: Mpishi wa Nyali

Wa alaykum salaam, dadangu. Nimefanya kazi katika majiko ya hoteli za pwani ya kaskazini kwa miaka mingi, na tatizo hili nimeliona kwa kila kijana anayeanza kazi. Yasome tena maelezo yako uhesabu mara ambazo maji yameingia: ulipoosha, ulipotia ndimu na mtindi, ulipoacha urojo kwenye trei, na ulipotia viazi chumvi mapema. Ngozi ya kuku haiwezi kugeuka rangi maadamu ina maji juu yake, kwa sababu maji hayapiti nyuzi 100 kabla ya kuwa mvuke, ilhali ule mgeuko wa protini na sukari unaoipa nyama rangi ya hudhurungi na harufu ya kuokwa huanza kwenda kwa kasi kwenye nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo, muda wote trei ilipokuwa na urojo, oveni yako ilikuwa ikichemsha kuku.

Mimi hufanya hivi. Kila kipapatio hukikata kwenye maungio nikapata vipande viwili, kile chenye umbo la paja dogo na kile bapa chenye mifupa miwili, na ncha nikaziweka kando kwa ajili ya supu. Hukausha kila kipande kwa taulo za karatasi mpaka karatasi isitoke na unyevu. Kwa kilo 2 huchanganya vijiko viwili vya chakula vya beking pauda, vilivyosawazishwa, vijiko viwili vya chai vya chumvi, pilipili manga na thomu ya unga, nikavipaka vipande vyote kwa utando mwembamba. Beking pauda huifanya ngozi iwe na ualkali kidogo, na katika hali hiyo ngozi hupata rangi upesi na kukauka vizuri zaidi. Tafadhali usitumie magadi soda badala yake, kwa kuwa ni kali mno kwa kipimo hicho na itaacha ladha ya sabuni. Ukipata beking pauda isiyo na alumini, ichukue hiyo, maana ile nyingine wengine huisikia ladha ya bati.

Kisha vipange juu ya wavu uliowekwa kwenye trei, viache wazi ndani ya friji usiku kucha, kwenye rafu ya chini kabisa ili matone yasiangukie chakula kingine. Hewa ya friji ni kavu, nayo itafanya nusu ya kazi ukiwa umelala. Siku ya pili oka kwa nyuzi 220 kwa dakika 45 hadi 50, ukigeuza mara moja katikati. Nyama ya kuku huwa salama kuliwa inapofika nyuzi 74 karibu na mfupa, lakini kipapatio kina ngozi nyingi na mishipa mingi, na huwa kitamu zaidi kikipita hapo kidogo, kwa hiyo usiogope dakika hizo.

Neno moja kuhusu kuosha. Wataalamu wa usalama wa chakula hushauri kuku mbichi asioshwe, kwa sababu maji yanaporuka husambaza vijidudu kwenye sinki, vyombo na mboga zilizo karibu, na moto wa oveni huviua vijidudu hivyo bila msaada wa maji.

Mkaazi wa Tudor

Nakushukuru sana, kaka. Nina mambo matatu ya kuongeza. Kwanza, mavyaa wangu hatakubali kuku asiyeoshwa aletwe mbele yake, na sitaki kushindana naye katika jambo hilo. Pili, sina wavu. Tatu, na hili labda ningelisema tangu mwanzo, oveni yangu ni ya gesi, moto wake uko chini tu, na tarakimu kwenye kitasa zimefutika, hivyo ile nyuzi 180 niliyoitaja ni makadirio yangu.

Jibu: Fundi wa Majiko, Changamwe

Dada, hapo sasa umenigusa, kwa maana mapishi mengi tunayoyasoma yameandikwa na watu wenye oveni za umeme zenye feni, na mtu wa Mombasa mwenye oveni ya gesi huyafuata neno kwa neno kisha akajilaumu mwenyewe. Gesi inapoungua hutoa joto na mvuke wa maji kwa pamoja. Kila kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua yote hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kwa umbo la mvuke, kwa sababu haidrojeni iliyomo kwenye gesi hujiunga na oksijeni ya hewani. Bila shaka hutumii kilo nzima kwa chajio kimoja, lakini kiasi chochote unachotumia huleta unyevu wake ndani ya kile kisanduku, na juu ya hapo kuna mvuke wa kuku, mvuke wa viazi, na hewa yetu ya pwani ambayo ni nzito kwa unyevu kabla hata hujawasha kiberiti. Oveni ya gesi hupumua kupitia matundu yaliyo chini na nyuma. Matundu hayo yakiwa wazi mvuke hutoka, yakizibwa hubaki.

Kwa hiyo la kwanza ninalokuomba ulitazame ni sakafu ya oveni. Nimefungua oveni nyingi mjini humu nikakuta zimetandikwa foili chini ili zisichafuke, na mwenye nyumba hajui kwamba ameziba njia ya hewa. Hilo huharibu mapishi, na pia ni hatari, kwa kuwa gesi isiyopata hewa ya kutosha huungua vibaya na kutoa hewa ya sumu ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu. Ikiwa umetandika, itoe leo.

La pili, nunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni. Si ghali, na kitakuambia ukweli ambao kitasa hakiwezi kukuambia hata tarakimu zake zikiwa mpya, kwa sababu vitasa hupotoka kwa nyuzi 20 au 30 bila mwenyewe kujua. Washa oveni dakika 20 hadi 25 kabla ya kuingiza chochote. Weka kuku rafu ya juu, kwa sababu moto wa chini huunguza kilicho karibu nao, nami nadhani ndiyo sababu ya ncha nyeusi za viazi vyako. Nusu ya muda ikifika, unapogeuza vipande, fungua mlango kwa sekunde chache uuache mvuke utoke, kisha ufunge. Na usiingize trei mbili kwa pamoja, maana oveni ya moto wa chini haiwezi kuzihudumia zote. Trei ya chini hukinga joto la ya juu, na zote mbili hutoa mvuke kwa wakati mmoja.

Kuhusu wavu, ule wa kuchomea samaki juu ya makaa unafaa, mradi uwe wa chuma kisichoshika kutu. Usichukue uliopakwa zinki, huo haufai kugusana na chakula motoni.

Jibu: Bi wa Kuze

Mwanangu wa Tudor, Mungu akubariki kwa kumtunza mama wa mumeo namna hiyo. Mimi ni mtu mzima, na kuku asiyeoshwa hata kwangu hapiti, kwa hiyo nakuelewa. Mwoshe kwa maji machache ndani ya bakuli lenye kina, si chini ya bomba linalorusha, umwage taratibu, usugue sinki kwa sabuni na maji ya moto, kisha mkaushe kama alivyokueleza kaka yetu mpishi. Tena mkaushe mara mbili.

Nitakalopingana naye ni ile thomu ya unga. Thomu ya unga haina uhai. Hata hivyo nakubali kwamba ndimu na thomu mbichi zikikaa juu ya ngozi zitaleta maji, na thomu itaungua iwe chungu kwa moto wa nyuzi 220. Basi vihamishie mwisho wa kazi. Kuku aokwe na chumvi, pilipili manga, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kutwangwa, na manjano kidogo kwa rangi. Wakati anaokwa, wewe roweka ukwaju kiasi cha ngumi ndogo ndani ya kikombe kimoja cha maji ya moto, ukamue, uchuje, uutie kwenye sufuria ndogo pamoja na thomu punje nne na tangawizi zilizopondwa, pilipili mbuzi moja iliyopasuliwa, chumvi, na vijiko viwili vya sukari, au zaidi kwa ajili ya watoto. Chemsha mpaka uwe mzito, ushikamane na mgongo wa kijiko. Kuku akitoka motoni, nusu yake mtie ndani ya bakuli, mmwagie ukwaju, mrushe mara mbili tatu, na umlete mezani papo hapo. Nusu nyingine ibaki kavu, na ndimu iliyokatwa pembeni, kwa wanaotaka kusikia ngozi ikialika menoni. Sukari ikiingia ovenini mapema huungua, ndiyo maana mchuzi mtamu husubiri.

Manjano na bizari vichukue sokoni Marikiti, ununue nzima utwange mwenyewe. Bizari iliyosagwa miezi sita iliyopita haiwezi kumsaidia mtu yeyote.

Viazi vitamu mimi nimevijua kwa tui la nazi na iliki, jinsi tunavyovipika futari za Ramadhani, na katika namna hiyo ulaini ndio sifa yake. Kuvifanya vikauke sikuzoea, hapo nawaachia wengine.

Jibu: Mwalimu wa Likoni

Naomba nichukue pale alipoachia mama yetu, kwa sababu viazi vina somo lake na sidhani kama vimepewa haki yao.

Kiazi kitamu si mbatata yenye sukari. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari ya maltosi wakati joto la kiazi liko kati ya nyuzi 60 na 75 hivi. Kiazi kikipashwa moto polepole, kama katika trei iliyosongamana kwenye oveni isiyo na joto la kutosha, hukaa muda mrefu katika kiwango hicho, wanga mwingi hugeuka sukari, na wanga ndio uliotakiwa ukishike kipande kisimame wima. Matokeo ni yale uliyoyaeleza, dada: katikati pamelegea, na sukari iliyotokeza nchani imeungua. Kwa hiyo viazi vinataka oveni iliyokwisha kushika moto, nyuzi 210 hadi 220, na nafasi kati ya kipande na kipande, ili vikivuke kiwango hicho upesi. Kilo moja na nusu ni nyingi mno kwa trei moja. Ama upike kwa awamu mbili, ama upunguze iwe kilo moja.

Aina ya kiazi pia ina uzito. Sokoni Kongowea utakuta vile vyenye ngozi nyekundu na nyama nyeupe au ya manjano mpauko, na wakati mwingine utakuta vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Vyeupe vina wanga mwingi na maji machache, na kwa kazi hii ndivyo ninavyovichagua. Vya rangi ya chungwa ni vyenye maji zaidi, hukauka kwa taabu, ila vina faida kubwa kwa watoto kwa sababu ya beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa wataalamu wanne kwa kazi ya kurutubisha mazao, na watatu kati yao, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walitunukiwa kwa kuviendeleza viazi hivyo barani Afrika. Mimi huchanganya: theluthi mbili vyeupe, theluthi moja vya chungwa, lakini kila aina upande wake wa trei, kwa kuwa haviivi kwa muda sawa.

Kata vipande vya unene wa sentimita moja, na viwe sawa, maana kipande chembamba huungua kabla ya kinene kuiva. Viloweke kwenye maji baridi kwa nusu saa hadi saa moja ili wanga wa juu utoke, kisha vikaushe kabisa kwa kitambaa safi. Vinyunyizie kornflawa, kijiko kimoja cha chakula kwa kila nusu kilo, uvipepete mpaka kila kipande kiwe na vumbi jembamba, halafu ndipo utie mafuta, vijiko viwili kwa kilo. Kornflawa ninayoitaja ni ule wanga mweupe laini wa kuzipa supu uzito. Unga wa sima haufai, utakupa mchanga mdomoni. Chumvi isiingie mpaka vitoke motoni, kwa sababu huvuta maji. Oka dakika 25 hadi 30 ukigeuza mara moja, kisha zima moto, acha mlango wazi kidogo, na viazi vikae humo dakika tano.

Sasa kuhusu mpangilio, kwa kuwa fundi amesema trei moja kwa wakati mmoja na una oveni moja. Kuku aingie kwanza, akamilike, atoke. Viazi vifuate. Vinapokaribia kuisha, rudisha kuku rafu ya juu dakika tano tu. Kuku aliyekauka akipoa hurudi katika hali yake akipashwa, lakini chipsi za viazi vitamu zikipoa katika hewa ya Mombasa hulegea ndani ya robo saa na hazirudi tena. Wa mwisho kuingia motoni wawe viazi, na wa kwanza kufika mkekani wawe hao hao.

Mkaazi wa Tudor

Ndugu zangu, nimerudi kuwapa habari za jana usiku. Foili ilikuwepo sakafuni mwa oveni, nami niliitandika mwenyewe tangu mwaka jana. Nimeitoa. Kipimajoto kilinionyesha kwamba pale nilipokuwa nikidhani ni 180 palikuwa 155, na ilinibidi nizungushe kitasa karibu mpaka mwisho ndipo nikapata 220.

Kuku nilimwosha kwa bakuli kama Bi wa Kuze alivyosema, nikamkausha mara mbili, nikampaka, nikamlaza friji kwenye wavu wa samaki. Asubuhi ngozi ilikuwa imekaza na kuwa kama karatasi, hata nikaingiwa na wasiwasi kwamba nimemharibu. Niliwasha oveni kabla ya Magharibi, kuku akatoka akiwa wa dhahabu, na nilipomgonga kwa koleo alitoa sauti kavu. Viazi vyeupe vilikuwa vizuri sana. Vya chungwa vilikauka pembeni lakini katikati vilibaki laini kidogo, na mtoto wangu mdogo akavichagua hivyo hivyo akaviacha vyeupe kwa nduguze. Mavyaa wangu alikula vipande vitano vya ukwaju na akauliza nani amenifundisha, nikamwambia ni watu wanne ambao sijawahi kuonana nao.

Nina swali moja tu lililobaki. Ncha za vipapatio nimezikusanya zipatazo ishirini, na sijui kama zinatosha kutoa supu ya maana.

Bi wa Kuze

Zinatosha, mwanangu, tena ncha ndizo zenye ute wa kuifanya supu ishikamane midomoni. Zifunike kwa maji, tia kitunguu kimoja kizima, kipande cha tangawizi, pilipili manga nzima na kijiti kidogo cha mdalasini, moto mdogo kwa saa moja na nusu, uchuje, uipoze, utoe mafuta yaliyoganda juu kwa ajili ya mavyaa wako. Mkamulie ndimu wakati wa kumpa, wala si kabla.